Kwa Nini Glovu Nene Hazitoshi: Baridi na Mwendesha Pikipiki

Muulize mwendesha pikipiki baridi humwanzia wapi, atakuonyesha vidole. Vya mikono kwanza, kisha vya miguu, halafu magoti. Ndiyo maana msimu wa baridi ukiingia, kitu cha kwanza anachonunua ni glovu nene kuliko alizo nazo. Hizo zikishindwa anatafuta nene zaidi, mpaka anafika mahali hasikii tena breki inaanza kushika wapi. Na vidole bado vinamuuma.

Kuna fumbo hapo, na anayelifumbua huwa ameelewa sehemu kubwa ya habari ya baridi ya barabarani. Glovu haitengenezi joto. Jaketi halitengenezi, soksi hazitengenezi. Ukiacha nguo zenye nyaya za umeme, ambazo tutazifikia, kinachotengeneza joto juu ya pikipiki ni mwili wako peke yake, na nguo kazi yake ni kulichelewesha lisitoke. Mkono usioletewa damu yenye joto hauna cha kucheleweshewa. Uvishe glovu ya unene wowote, umefunika kitu ambacho kimekwisha kupoa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini mwili umeamua kuinyima mikono damu, na jibu lake liko mbali kidogo na mikono.

Mapato madogo, matumizi makubwa

Joto la mwili lina daftari lake la mapato na matumizi. Mtu mzima aliyekaa ametulia hutoa joto la wati 100 hivi. Akitembea haraka, kiasi hicho hupanda mara tatu au zaidi, na ndiyo sababu mtu anayekwenda kwa miguu asubuhi ya nyuzi 5 za Selsiasi anaweza kutoka na sweta, na baada ya muda akalivua. Mwendesha pikipiki hana bahati hiyo. Amekaa. Anashika usukani, anageuza shingo, anabadilisha gia kwa ncha ya mguu; lakini misuli mikubwa ya mapaja na mgongo, ambayo ndiyo yenye joto jingi, haina kazi. Kwenye njia ya mawe na matope, ambako unasimama juu ya vikanyagio na kupambana na usukani, mambo hubadilika na hata jasho hukutoka. Lami ndefu iliyonyooka ndiyo inayogandisha watu, kwa sababu haidai kitu kutoka kwa misuli.

Hayo ndiyo mapato. Kwa upande wa matumizi, joto hutoka kwa njia nne: kwa kugusa kitu cha baridi, kwa kuchukuliwa na hewa inayopita, kwa mionzi kutoka kwenye ngozi na nguo, na kwa jasho au maji yanayokauka mwilini. Juu ya pikipiki, hewa inayopita ndiyo mwizi mkuu. Ngozi iliyo katika hewa tulivu hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopata joto kutoka kwake, na tabaka hilo huikinga. Upepo hulifagia. Linajijenga tena kwa joto lako, linafagiwa tena, na mchezo huo hauishi mpaka usimame.

Wa kwanza kulipima jambo hili kwa mpangilio walikuwa Paul Siple na Charles Passel, waliokuwa katika msafara wa Marekani huko Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1940. Walining'iniza nje chombo cha plastiki chenye maji, wakapima maji hayo yalichukua muda gani kuganda upepo ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa wazo la kueleza baridi ya upepo kwa namba moja, na mwaka 2001 Kanada na Marekani zikaanza kutumia kanuni mpya iliyorekebishwa. Kwa kanuni hiyo, hewa ikiwa nyuzi 10 nawe unakwenda kilomita 100 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama nyuzi 4. Hewa ikiwa nyuzi 5, inahisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Ikiwa sifuri, ni kama nyuzi 11 chini ya sifuri.

Namba hizi hupenda kutumiwa vibaya, basi tuziwekee mipaka. Kwanza, zinahusu ngozi iliyo wazi, na hasa ya uso. Kifua kilichofunikwa na kitu kisichopitisha upepo hakizijui kabisa. Pili, upepo hauwezi kukifanya kitu kikavu kiwe cha baridi kuliko hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 5, vidole vyako haviwezi kuganda barafu hata ukienda kasi kiasi gani. Vitafika karibu na nyuzi 5 upesi zaidi, basi. Hilo lisikutulize sana, kwa sababu kidole hakihitaji kuganda ili kishindwe kuvuta breki.

Jambo la tatu linasemwa mara chache, nami naliona la muhimu kuliko hayo mawili. Katika kanuni ile, madhara mengi ya upepo hutokea mapema. Katika hewa ya nyuzi 5, kasi ya kilomita 40 kwa saa inatosha kukushusha mpaka karibu nyuzi 1 chini ya sifuri. Kutoka 40 hadi 100 unaongezewa nyuzi mbili au tatu tu. Anayepunguza mwendo kutoka 100 hadi 80 akitumaini uso wake utapata nafuu hatapata nafuu ya maana.

Ila nguo zake zitapata. Shinikizo la upepo hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Kwa kilomita 100 kwa saa, hewa inasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 48 kwa kila mita moja ya mraba inayoukabili upepo. Kwa nguvu hiyo hewa hupenya kwenye meno ya zipu, kwenye mishono, kwenye sweta la kufumwa, kwenye upenyo wa kola uliokuwa hauna shida yoyote ulipokuwa unazunguka mjini. Jaketi moja, kwa mwendo wa taratibu ni zuri. Kwenye barabara kuu linageuka wavu. Kwa hiyo mtu anayeniambia jaketi lake lina joto, mimi humuuliza: kwa mwendo gani?

Mwili unavyoamua nani anyimwe

Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili, na inachokilinda ni kiini: moyo, mapafu, ini, ubongo wenyewe. Hivyo vinatakiwa vibaki karibu na nyuzi 37. Taarifa zikifika kwamba kifua na shingo vinapoteza joto, amri hutoka mishipa midogo ya damu ya vidole, pua na masikio ijibane. Damu inabaki ndani, ambako inahitajika zaidi. Vidole havijasahauliwa; vimetolewa kafara makusudi, kwa kuwa ni vyembamba, vina ngozi nyingi ukilinganisha na nyama yake, na damu inayopita humo hurudi kifuani ikiwa imepoa.

Hapo ndipo fumbo la glovu linapofumbuka. Ukiwa na kifua cha baridi na shingo inayopigwa na upepo, amri ya kubana mishipa inabaki palepale, na hakuna glovu inayoweza kuitangua. Majaribio yameonyesha upande wa pili wa habari hiyo: kifua kikipashwa joto la kutosha, damu hurudi kwenye vidole hata mikono ikiwa wazi kwenye baridi kali. Waendeshaji wengi wamelijua hilo bila maabara. Mtu anavaa fulana ya umeme kwa mara ya kwanza, kisha anashangaa kwamba zile glovu zake za kawaida sasa zinamtosha.

Mkono wa mbele nao una sehemu yake. Misuli inayokunja vidole haiko kwenye kiganja. Mingi iko kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na inavivuta vidole kwa kano ndefu. Misuli hiyo ikipoa, mshiko unalegea na kuwa mzito hata kama vidole vyenyewe vimefunikwa vizuri. Pale kwenye kifundo, ambapo glovu fupi hukutana na mkono wa jaketi uliopanda juu, mishipa mikubwa ya damu inapita karibu sana na ngozi. Upenyo wa vidole viwili mahali hapo ni hasara kubwa kuliko unavyodhani.

Basi, kabla ya kununua glovu nyingine, ziba shingo, vaa kitu kisichopitisha upepo kifuani, funika vifundo vya mikono. Nenda barabarani, kisha uamue.

Kusema kweli, si haki kulaumu kifua kwa kila kitu. Mikono ya mwendesha pikipiki iko mahali pabaya: iko mbele, juu, haitikisiki, imekamata chuma. Kukamata huko kunakandamiza kitambaa cha kiganja, na kitambaa kilichokandamizwa hakina hewa tena ndani yake. Kwa hiyo ukishamaliza ya kifua, mikono bado inadai kinga yake. Vikinga mikono vya plastiki vinavyofungwa mbele ya usukani hupasua upepo kabla haujafika kwenye vidole. Mifuko ile mikubwa inayofungwa kwenye usukani ukaingiza mkono ndani hufanya vizuri zaidi. Haipendezi hata kidogo, lakini anayeivaa huendesha na glovu nyepesi na kuihisi breki vizuri. Masharti yake ni mawili: jizoeze kuingiza na kutoa mikono upesi pikipiki ikiwa imesimama, na hakikisha mfuko hauegemei breki wala klachi, maana upepo ukiusukuma unaweza kukufungia breki kidogo bila wewe kujua.

Upepo kwanza, unene baadaye

Sidney Cotton alikuwa rubani kutoka Australia katika kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndege za wakati ule hazikuwa na paa. Rubani alikaa akipigwa na upepo kama mwendesha pikipiki, tena juu angani. Siku moja wakati wa baridi alikuwa akishughulikia injini, amevaa ovaroli lililolowa mafuta na grisi, ikabidi aruke bila kubadilisha nguo. Waliposhuka, wenzake waliovaa nguo zao nzuri za kurukia walikuwa wamekakamaa. Yeye hakuwa na shida. Akachunguza kwa nini, akagundua kwamba mafuta na grisi vilikuwa vimeziba matundu ya kitambaa, upepo ukakosa pa kupita.

Mwaka 1917 akabuni vazi la kipande kimoja kwa wazo hilohilo: nje kitambaa kilichofumwa kwa kukazwa sana, katikati tabaka jembamba la hariri lililotiwa dawa ya kuzuia hewa, ndani manyoya. Likaitwa Sidcot, na marubani wakaendelea kulivaa kwa miaka mingi. Majaketi mengi ya pikipiki ya leo yenye tabaka tatu yanafuata wazo lilelile, ingawa kazi zimegawanywa tofauti: la nje linazuia upepo, la kati linashika hewa, la ndani linashughulika na ngozi.

Waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour de France walilijua kwa njia rahisi zaidi. Walipofika kilele cha mlima wakiwa wamelowa jasho, walipokea gazeti kutoka kwa watu waliosimama kando ya barabara, wakalisokomeza chini ya fulana kifuani, wakateremka. Kwa mwendesha pikipiki aliyekutwa na baridi hana kitu, gazeti au mfuko wa plastiki kifuani, chini ya jaketi, ni msaada wa kweli. Hutasikia muujiza, ila dakika ishirini baadaye utaona hujaanza kutetemeka.

Kwa mtu mwenye fedha ya kitu kimoja tu, ushauri wangu ni koti na suruali ya mvua vya kuvaa juu ya kila kitu, hata siku kavu. Haina manyoya wala haina umbo, lakini inaziba. Nguo zote za ndani, ambazo zilikuwa zikivuja, zinaanza kufanya kazi.

Mianya ina utaratibu wake. Shingo ni ya kwanza, kwa sababu upepo unaoingia pale hushuka mpaka kifuani: skafu ndefu ni hatari kwa kuwa inaweza kunaswa kwenye kitu au kupepea na kufunguka, kwa hiyo mrija wa kitambaa unaovutwa mpaka chini ya helmeti ni bora. Kiuno ni cha pili. Ukiinamia usukani jaketi linapanda na mgongo wa chini unabaki wazi, nawe hutambui upesi. Halafu mikono. Siku kavu, glovu ndefu ipite juu ya mkono wa jaketi ili upepo usiingie. Mvua ikinyesha, kwa mkao wa kawaida, ibaki chini ya mkono wa jaketi. La sivyo maji yanayoteremka kwenye mkono yataishia kujaa kwenye vidole.

Hewa iliyotulia, na adui wake maji

Sweta halikupi joto kwa sababu ya sufu. Linakupa kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi za sufu, isiyoweza kwenda popote. Hewa tulivu hupitisha joto kwa shida mno, na maji hupitisha joto zaidi yake kwa karibu mara 24. Kila kanuni ya kuvaa kwa baridi inatoka katika mambo hayo mawili: nasa hewa, fukuza maji.

Ndiyo maana kubana ni kosa. Ukijaza masweta mawili chini ya jaketi linalokutosha kabisa bila sweta, umeifinya ile hewa uliyokuja kuitafuta. Soksi mbili katika buti lililokuwa sawasawa na soksi moja hufanya ubaya mara mbili, kwani pamoja na kufukuza hewa zinabana damu. Wengi wamepata miguu ya joto kwa kuvua soksi moja.

Pamba hunywa maji na kukaa nayo, kwa hiyo fulana ya pamba karibu na ngozi ni chaguo baya kuliko yote. Polista nyepesi hupitisha jasho kwenda nje. Sufu laini hupokea unyevu mwingi na bado ikabakiza joto kiasi. Jaketi la manyoya ya bata lina joto kuliko vyote kwa uzito wake, lakini likilowa manyoya hushikamana na hewa yote huondoka. Liwe chini ya kitu kisichopitisha maji, au liachwe nyumbani.

Maji mabaya kuliko yote ni yale unayoondoka nayo. Mtu anavaa kila kitu akiwa ndani, anatafuta funguo, anafunga mizigo, anasukuma pikipiki kuitoa, na anapowasha injini fulana imekwisha kulowa. Gramu 100 za jasho, maji yasiyojaza hata nusu kikombe, zikikauka juu ya mwili huondoka na joto ambalo mtu aliyetulia huchukua dakika 40 kulitengeneza. Kwa hiyo anza na baridi kidogo. Jaketi na helmeti viwe vya mwisho, mzigo ukiwa umekwisha kufungwa.

Jaketi ambalo utando wake wa kuzuia maji uko ndani, huku kitambaa cha nje kikinywa mvua, litakuacha mkavu lakini si wa joto. Kitambaa kile kilicholowa hukauka kwa upepo, na kinachokikausha ni joto lako. Hapa tena lile koti la mvua la kuvaa juu linaokoa.

Kichwa kinahitaji maneno machache. Ile habari kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yote na hupoteza joto kwa kiasi hichohicho, tena helmeti yenye povu nene ndani tayari ni kofia nzuri. Tatizo la helmeti wakati wa baridi ni kioo. Pumzi yenye mvuke ikigusa kioo cha baridi hugeuka ukungu, nawe unalazimika kukifungua na kuukaribisha upepo usoni. Kipande cha pili cha kioo kinachobandikwa ndani, kikiacha hewa katikati, hutatua jambo hilo karibu lote. Kikinga pumzi cha pua na mdomo husaidia kwa sehemu iliyobaki.

Kuongeza mapato: umeme

Kuzuia kuna kikomo. Ukipoteza wati 150 huku ukitoa 100, nguo nzuri zitachelewesha tu siku ya hesabu. Kwa safari ya saa tatu katika hewa iliyo karibu na sifuri, sioni njia nyingine ya uhakika kuliko kuongeza joto kutoka nje, na pikipiki inayo karibu: injini inazalisha umeme muda wote.

Fulana ya umeme inayotumia wati 60 inaonekana kitu kidogo mpaka uikumbuke ile namba ya mwanzo. Mwili unatoa 100. Umeongeza zaidi ya nusu ya mapato yako yote, tena mahali penyewe panapoamua kama vidole vitapata damu. Ndiyo maana, kati ya vifaa vyote vya umeme, mimi huweka fulana ya kwanza, vishikio vya usukani vya pili na glovu za umeme za tatu, ingawa wengi hununua kwa mpangilio ulio kinyume. Vishikio ni vizuri lakini vinapasha kiganja, na baridi hukupiga nyuma ya vidole. Bila vikinga mikono, utakuwa na kiganja kinachoungua na kucha zinazouma. Tena ukivishika kwa glovu nene, ule unene unazuia joto la kishikio lisikufikie.

Fulana ivaliwe karibu na mwili, juu ya nguo moja nyembamba, na juu yake iwe na kitu cha kuzuia upepo. Iwashe mapema, kabla hujahisi baridi. Ni rahisi kuzuia mishipa isijibane kuliko kuibembeleza ifunguke tena.

Umeme wenyewe unahitaji hesabu. Wati 60 kwenye mfumo wa volti 12 ni ampea 5. Pikipiki kubwa za safari ndefu zina ziada ya kutosha fulana, vishikio na glovu kwa pamoja. Pikipiki ndogo nyingi zina ziada ndogo baada ya taa na mfumo wa kuwasha injini, na injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, kama kwenye foleni, uzalishaji hupungua zaidi. Kipimo kidogo cha volti kwenye usukani kitakuambia ukweli: injini ikizunguka vizuri, mfumo wenye afya husoma kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikishuka chini ya 12.5 ukiwa unaendesha, unakula betri, na betri yenyewe ina nguvu ndogo wakati wa baridi. Zima kitu kimoja. Waya uwe na fyuzi yake, na ufungwe mahali panapozimika pamoja na ufunguo.

Ambaye pikipiki yake haina ziada anaweza kutumia glovu au fulana zenye betri zake ndogo; zinatosha safari fupi. Vile vifuko vya unga wa chuma vinavyopata joto vikifunguliwa navyo hufanya kazi, lakini vinahitaji hewa. Ukivifungia ndani ya buti lisilopitisha kitu, hupoa, na watu hudhani vimeharibika.

Vinavyodanganya

Pombe hufungua mishipa ya ngozi. Damu ya moto inakimbilia nje, unajisikia vizuri, na kiini kinapoa. Hilo ni juu ya sababu nyingine zote za kutoinywa ukiwa na pikipiki. Sigara hufanya kinyume kwa mikono: inabana mishipa ya vidole ambayo tayari imejibana.

Kinywaji cha moto kina sifa kubwa kuliko kazi yake. Mililita 300 za kinywaji chenye nyuzi 60 hukuletea joto linalolingana na lile ambalo mwili wako ukiwa umetulia hutengeneza kwa dakika tano hivi. Kinachokusaidia pale kituoni ni kutoka kwenye upepo na kutembea. Sukari iliyomo ndani ya kikombe ina thamani kuliko moto wake, kwa sababu kutetemeka ni kazi ya misuli na misuli inakula. Kunywa kwa sababu nyingine pia: baridi hukufanya uende haja ndogo mara nyingi, na waendeshaji wengi huacha kunywa maji ili wasisimame. Wanafika wakiwa wamepungukiwa maji na wamechoka.

Usikaushe wala kupasha vidole vilivyokufa ganzi kwenye bomba la moshi. Kidole kisichohisi hakitakuambia kinapoungua.

Pale baridi inapoacha kuwa kero

Ngozi ya mkono ikishuka karibu na nyuzi 15, vidole huanza kuwa vizito. Vikishuka zaidi, hisia ya kugusa nayo hupotea. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kuvuta breki, umetumia mita 11 zaidi. Hali hiyo inakuja mapema sana kabla ya hatari inayojulikana zaidi, ile ya joto la kiini kushuka chini ya nyuzi 35. Na barabara nayo inabadilika: mpira wa matairi baridi ni mgumu na haushiki vizuri, shinikizo lake limeshuka, na daraja au kona yenye kivuli inaweza kuwa na barafu isiyoonekana wakati lami nyingine ni kavu.

Ubaya wa baridi ni kwamba inapooza uamuzi pamoja na mikono. Mtu aliyepoa huanza kujishawishi: zimebaki kilomita thelathini tu, nikisimama nitapoa zaidi. Kwa hiyo vituo vipangwe kabla ya kuondoka, wakati akili bado ina joto, na viheshimiwe hata unapojisikia mzima. Kuna jaribio dogo lisilohitaji kifaa: pikipiki ikiwa imesimama, gusanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho cha mkono huohuo. Ukishindwa, au ukifanya kwa kuhangaika, huendeshi tena kwa sasa. Kukosea gia, kusahau kuzima taa ya kukata kona, kuwa na hasira isiyo na sababu, kushindwa kufungua mkanda wa helmeti: hizo nazo ni dalili.

Kutetemeka kwenyewe ni habari njema, ingawa hakupendezi. Mwili umeongeza mapato yake mara kadhaa. Kinachotisha ni mtu aliyekuwa akitetemeka sana kisha akaacha bila kupata joto popote, akawa mzito wa maneno na usingizi unamchukua. Huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Wakati msaada unakuja, mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mumfunike, na joto lianzie kifuani na shingoni. Msimsugue mikono na miguu, msimkimbize huku na huko ili apate joto. Kinywaji kitamu cha uvuguvugu apewe ikiwa tu yuko macho kabisa na anameza vizuri.

Kwa aliyepoa kawaida, damu ikirudi vidoleni huuma, wakati mwingine kuliko baridi yenyewe. Maumivu hayo yakiisha, subiri bado. Ngozi hupata joto mapema, na kiini hufuata kwa kuchelewa. Anayeondoka mara tu mikono inapojisikia vizuri hukuta mishipa imejibana tena kabla hajamaliza kilomita kumi.